Neno "Dini" katika Utafiti wa Nyanjani: Mifano ya Kibera na Kawangware

Mtafiti atokaye ng'ambo kuja Nairobi kuchunguza utambulisho wa kidini hupata kwanza kibali cha serikali, kisha huandaa hojaji. Miongoni mwa maswali yake, "Dini yako ni ipi?" huonekana kuwa jepesi kuliko yote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, liulizwapo Kibera na Kawangware, huweza kusikika kwa njia tatu.

Kwanza, neno dini, lenye asili ya Kiarabu, katika Kiswahili sanifu hutaja imani nzima, na dhehebu ni tawi lake. Huko bara mpaka huo haukushikwa sana. Kundi la Elijah Masinde, lililopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, liliitwa Dini ya Msambwa. Kadhalika, mkazi wa Kawangware aliye Mkatoliki na jirani yake wa Akorino huweza kusema kwamba dini zao ni mbalimbali, hali hojaji imewaweka katika safu moja ya Wakristo.

Pili, kwa wengi waliookoka, dini ni desturi tupu isiyo na wokovu. Mhojiwa akijibu, "Mimi sina dini, nimeokoka," na karani akaandika "hana dini", basi mcha Mungu amehesabiwa pamoja na wasioamini.

Tatu, huko Kibera dini imefungamana na ardhi. Wanubi ni wazao wa askari wenye asili ya Sudani waliolitumikia jeshi la Waingereza, wakakalishwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Wanubi ni Waislamu, na wengi wao wamekuwa wenye nyumba. Mwishoni mwa mwaka 2001 mgogoro wa kodi za nyumba ulizusha mapigano kati yao na wapangaji. Na mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Kwa hiyo anayeulizwa dini yake huweza kudhani anaulizwa yu upande gani. Naye Mwislamu aliye Mluo au Mkamba hupotea katika hesabu hiyo.

Yafaa basi swali hilo ligawanywe: "Ulilelewa katika dini gani?", "Siku hizi unasali wapi?", na "Je, wewe mwenyewe hujiitaje?" Jibu na liandikwe kwa maneno ya mhojiwa kabla ya kupangwa katika safu. Tena mhojiwa aelezwe mapema kwamba utafiti hauhusiani na kodi wala mashamba. Mkalimani naye ashirikishwe tangu hojaji inapotungwa, kwani yeye ndiye ajuaye neno hilo lasikikaje mtaani. Bila hayo, kosa la tafsiri litasomwa ughaibuni kama habari za imani ya watu.