Metadata katika Kurasa za Wiki: Jinsi Mwananchi Anavyofikishwa kwenye Tangazo Sahihi

Mwananchi anayefunga safari hadi ofisi ya umma akiwa na nakala ya tangazo, kisha akaelezwa kuwa muda wa maombi umekwisha au ada imebadilika, hupoteza nauli na siku ya kazi. Huenda tangazo jipya lilikuwapo, lakini la zamani ndilo lililotangulia kuonekana alipolitafuta.

Kwa ofisi inayotunza matangazo yake katika wiki, yaani tovuti ambayo kurasa zake huandikwa na kuhaririwa na watu wengi kwa pamoja, tatizo hilo linaweza kupunguzwa kwa metadata. Hizi ni taarifa zinazoeleza taarifa nyingine. Katika masjala, jalada huandikwa juu yake namba, kichwa cha habari na tarehe ya kufunguliwa, hivyo karani hulipata bila kusoma barua zilizomo. Metadata huufanyia ukurasa wa wiki kazi hiyohiyo.

MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, inaweza kuongezewa uwezo huo kwa programu jalizi iitwayo Semantic MediaWiki, ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005 na hupatikana bila malipo. Baada ya msimamizi wa mfumo kuisakinisha, mwandishi huweka ndani ya mabano mawili ya mraba jina la sifa, alama ya nukta mbili iliyorudiwa, kisha thamani yake. Kwa mfano:

[[Tarehe ya mwisho::2026-06-30]]

Msomaji huona tarehe tu, lakini mfumo hutambua kuwa hiyo ndiyo tarehe ya mwisho ya tangazo husika. Kila sifa hupangiwa aina yake, kama vile tarehe, namba au maandishi. Iwapo sifa ya aina ya tarehe itajazwa maneno "mwisho wa mwezi", mfumo hutoa onyo.

Taarifa zikishawekwa hivyo, ukurasa mwingine unaweza kuagizwa kuorodhesha matangazo ambayo muda wake haujapita, yakiwa yamepangwa kwa tarehe, pasipo mtu kuiandika orodha hiyo kwa mkono. Tarehe ikirekebishwa katika ukurasa wa tangazo, orodha nayo huifuata.

Hata hivyo, programu jalizi haiwezi kujua jambo ambalo halijaandikwa. Muda ukiongezwa na mhusika asibadilishe tarehe, orodha itaendelea kutoa taarifa potofu, tena kwa mpangilio nadhifu unaomfanya msomaji aiamini zaidi. Vilevile, mwandishi mmoja akitumia "Tarehe ya mwisho" na mwingine "Mwisho wa maombi", mfumo utazihesabu kuwa sifa mbili tofauti, na baadhi ya matangazo yataachwa nje ya orodha.

Kwa sababu hiyo, ofisi inapaswa kukubaliana kwanza juu ya sifa chache za lazima: tarehe ya kutolewa, tarehe ya mwisho, kitengo kinachohusika na tangazo lililofutwa na hilo jipya. Aidha, kila ukurasa uwe na mtumishi anayewajibika kuuhuisha.

Kwa upande wake, mwananchi anashauriwa kuangalia tarehe ya kutolewa na tarehe ya mwisho kabla ya kulipa ada au kufunga safari.