Kiwanda cha London kilichozaa meli ya Bukoba

NGARAMA, Uganda – Mzigo unaovuka Ziwa Victoria kutoka Mwanza hushushwa Bukoba, ukapakiwa kwenye lori na kupita Mutukula kuelekea Mbarara na masoko ya Nakivale. Wengi wanaoitumia njia hiyo wanaijua Mv Victoria. Kiwanda kilichoiunda hakijulikani sana.

Alfred Yarrow alikianzisha mwaka 1865 huko Isle of Dogs, kando ya mto Thames, jirani na gati za London. Kilijijengea sifa kwa kuunda vyombo vinavyofunguliwa vipande na kuungwa upya mbali na bahari. Mwaka 1875, vipande vya meli yake Ilala vilibebwa na mamia ya wapagazi kuyakwepa maporomoko ya mto Shire, hadi Ziwa Nyasa.

Gharama za London zilipopanda, kiwanda kilihamia Scotstoun, Glasgow, kati ya 1906 na 1908. Huko ndiko Victoria ilikoundwa. Ilifika Kisumu ikiwa vipande, ikaungwa na kuanza safari mwaka 1961.

Ilisimama mwaka 2014 kwa ubovu, ikarejea Agosti 2020 baada ya kukarabatiwa Mwanza, ikiwa na nafasi ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo.

Meli ya ziwani hairudi Glasgow kutengenezwa. Uhai wake umo mikononi mwa mafundi na chelezo za Mwanza na Kisumu. Zikizembea, mfanyabiashara huzunguka ziwa kwa lori, na nauli hiyo huishia kwenye bei ya sokoni.