Mkojo wa paka na picha za wazee wetu

Wahenga walisema paka akiondoka, panya hutawala. Hawakutueleza paka akibaki hufanya nini. Wenye nyumba huku Masukulu, na kwingineko wilayani Rungwe ambako hakuna ghala la mahindi lisilo na panya, wanalijua jibu lake. Paka akibaki hukamata panya, hulala jikoni karibu na moto, na siku nyingine huinua mkia na kurusha mkojo ukutani. Na ukutani, ndugu wasikilizaji, ndiko tulikotundika picha zetu.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo hilo. Najua wako watakaocheka. Lakini hebu tazama ukuta wa sebule yako. Hapo ipo picha ya baba akiwa kijana, ipo picha ya harusi, kipo cheti cha darasa la saba, na pengine ipo picha ya rangi iliyonunuliwa Dar es Salaam. Picha nyingi za kale za nchi hii ya Rungwe, zilizopigwa na wamisionari wa Kimoraviani waliofika hapa mwaka 1891, zimetunzwa Herrnhut huko Ujerumani, katika jengo la nyaraka lenye watu wa kuziangalia. Za ukoo wako hazina mtunzaji mwingine isipokuwa wewe. Nyingi ni nakala moja tu. Studio iliyopiga ilikwisha fungwa, na filamu yake haijulikani iliko.

Wala balaa hili si letu peke yetu, na si la jana. Karibu mwaka 1420, katika mji wa Deventer nchini Uholanzi, mwandishi mmoja aliyekuwa akinakili kitabu kwa mkono aliacha kurasa wazi usiku, paka akazikojolea. Asubuhi mwandishi yule aliruka sehemu iliyoharibika, akachora paka na mikono inayoonyesha doa, akaandika laana kwa Kilatini na kuwaonya wenzake wasiache vitabu wazi usiku pale paka wanapopita. Doa lile bado linaonekana hadi leo, zaidi ya miaka 600 baadaye. Hilo peke yake litutoshe kujua kwamba mkojo wa paka hautoki kwa kungoja.

Kwa nini hautoki? Paka wa kufugwa ana asili ya paka wa nchi kavu, na mwili wake huyabana maji sana. Mkojo wake kwa hiyo ni mzito kuliko wa wanyama wengi. Ndani yake mna urea, chumvi, asidi ya uriki, na vitu vyenye salfa ambavyo huzidi kwa paka dume asiyehasiwa. Mkojo ukikaa, vijidudu huivunja urea na kutoa amonia, ile harufu inayochoma pua. Asidi ya uriki nayo haiyeyuki vizuri katika maji. Ndiyo sababu unaweza kupangusa mahali leo ukadhani pamekwisha, lakini siku ya ukungu harufu ikarudi. Chumvi zilizokauka huvuta unyevu wa hewa, na harufu huamka. Sasa fikiria nchi kama Tukuyu, inayopata mvua ya zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Huku harufu haipati nafasi ya kulala.

Wengi hujifariji kwamba picha ina kioo, basi iko salama. Sivyo. Mkojo hutiririka juu ya kioo mpaka chini, hujikusanya kwenye ukingo wa fremu, kisha hunyonywa kupanda kati ya kioo na karatasi, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Nyuma ya fremu mna ubao wa hadibodi au kadibodi, nao hunywa mkojo kama sponji na kuukalisha humo kwa miezi. Picha inaoza kutoka nyuma wakati mwenyewe anaitazama kwa mbele.

Tuielewe pia picha yenyewe. Picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ni karatasi iliyopakwa jelatini, na ndani ya jelatini hiyo mna chembe ndogo sana za madini ya fedha. Chembe hizo ndizo sura ya mzee wako. Jelatini ni kitu kile kile kinachofanya supu ya makongoro igande ikilala usiku. Ikilowa huvimba na kulainika. Ikigusana na moto huyeyuka. Ikikauka huku imebanwa na kioo hunata, na ukiivuta inabaki kwenye kioo na uso wa mtu. Salfa na amonia nazo huzishambulia chembe za fedha, na picha hubadilika kuwa ya manjano au kahawia.

Picha za Tingatinga zina udhaifu wa namna yake. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kazi hiyo Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya hadibodi, na wapo waliomfuata wanaochora kwenye kitambaa. Kwa mbele rangi ile huzuia maji vizuri, na doa jipya hufutika kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kwa nyuma hakuna rangi. Mkojo ukiingia kwa nyuma, hadibodi huvimba na rangi hubanduka kwa magamba.

Nilishuhudia hapa Masukulu nyumba moja iliyokuwa ikipakwa rangi kwa ajili ya harusi. Picha zilishushwa, zikaegemezwa ukutani chini sakafuni. Miongoni mwake zilikuwa picha mbili za marehemu babu wa nyumba hiyo, zilizopigwa siku moja Afrika Kusini alikokwenda kufanya kazi migodini, kama walivyokwenda vijana wengi wa huku enzi hizo. Usiku paka dume alipita. Asubuhi mjukuu, kwa nia njema kabisa, alitoa picha ya kwanza kwenye fremu, akaisugua kwa sabuni na jiki. Kabla ya saa ya chai uso wa babu ulikuwa umekwisha. Ya pili ilikuwa haijaguswa nilipoitwa. Tuliifungua taratibu, tukaisuuza, tukaianika. Ilibaki na doa la manjano chini penye viatu. Bibi aliishika kwa muda mrefu, akaniambia, "Mwanangu, uso upo. Harufu nitaivumilia."

Tofauti ya picha zile mbili ilikuwa mambo machache ambayo kila mtu anaweza kuyafanya, ndugu wasikilizaji. Chukueni kalamu.

Kwanza, fanya haraka. Picha iliyolowa ina kama saa 48 kabla ukungu haujaanza kuota. Vaa glovu au funga mikono kwa mifuko ya plastiki. Hili ni muhimu zaidi kama hujui ni paka au ni panya wa darini, maana mkojo wa panya huweza kuleta ugonjwa wa leptospira, ambao Watanzania wengi waliusikia kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022.

Pili, piga picha ya picha. Siku hizi nyumba nyingi zina simu yenye kamera. Kabla hujagusa kitu, ipige hata kwa juu ya kioo, dirishani, bila mwanga wa simu. Likiharibika lolote baadaye, uso utakuwa umebaki.

Tatu, ifungue. Kausha fremu kwa kitambaa kwa kugandamiza, usisugue. Ilaze kioo chini, ng'oa misumari ya nyuma, toa hadibodi na kadibodi, uzitupe. Usizihurumie, hazisafishiki. Picha ikitoka kwa urahisi, itoe. Ikiwa imenata na ingali imelowa, iweke pamoja na kioo chake katika beseni la maji baridi, uingoje. Huenda ikaachia yenyewe. Ikiwa imenata na imekwisha kauka, iache hivyo hivyo na kioo chake. Kuivuta ni kuiua.

Nne, jua ni picha ya namna gani kabla ya kuitia majini. Picha iliyosafishwa studio kwa dawa, iwe nyeusi na nyeupe au ya rangi, kwa kawaida huvumilia maji, kwa sababu ilizaliwa majini. Lakini picha iliyotolewa kwa printa ya kompyuta, picha iliyopakwa rangi kwa mkono, mchoro wa rangi za maji, na cheti chenye wino na muhuri, hivyo visitiwe majini kamwe. Vigandamize kwa karatasi nyeupe kavu na kuvianika.

Tano, ile inayovumilia maji isuuze katika maji safi ya baridi, dakika chache, ukibadili maji mara tatu au nne. Yasiwe ya moto, kumbuka supu ya makongoro. Usiguse upande wa sura hata kwa kidole. Usitie sabuni, usitie siki, usitie jiki. Jiki hula picha, na tena ikikutana na mkojo wenye amonia hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Dawa za kusafishia zenye amonia nazo haziondoi harufu ila humkaribisha paka arudi, maana kwake zinanuka kama mkojo.

Sita, anika sura ikitazama juu, kwenye kitambaa cheupe au karatasi isiyoandikwa. Gazeti halifai kwa kazi hii, wino wake huhamia kwenye picha. Nasema hivyo nikijua wazi kwamba baadhi yenu mtayasoma haya gazetini. Usianike juani, wala juu ya meko kama tunavyozoea kufanya wakati wa masika. Chumba chenye hewa inayopita kinatosha. Ikijikunja kidogo baada ya kukauka, iweke kati ya karatasi safi chini ya vitabu vizito.

Na ile ambayo ilikojolewa zamani ikakauka? Usiilowanishe. Iweke katika sanduku lenye mfuniko pamoja na chombo cha mkaa mkavu, visigusane, kwa wiki kadhaa, ukibadili mkaa. Harufu itapungua. Doa litabaki, na doa si aibu. Picha yenye thamani kubwa ya fedha au ya historia ipelekwe kwa mtaalamu wa uhifadhi wa makumbusho, na njiani isiguswe.

Kioo osha kwa sabuni, suuza, kausha vizuri kabisa. Fremu ya mti iliyonyonya mkojo ni heri ibadilishwe. Ukuta na sakafu vioshwe pia, kwani paka hurudi pale anaposikia harufu yake. Mijini zipo dawa zenye vimeng'enya vinavyoila asidi ya uriki. Hizo ni za sakafu na ukuta, si za picha.

Lakini kinga ni bora kuliko tiba. Tundika picha juu, mbali na kimo cha mkia wa paka, na mbali na mahali panapovuja. Chagua ukuta wa ndani. Ukuta wa nje huku kwetu huwa baridi na wenye unyevu. Gundisha vipande viwili vidogo vya mti nyuma ya fremu kwa chini ili hewa ipite. Kati ya kioo na picha weka ukanda wa kadibodi safi kuzunguka pande zote, visigusane. Siku ya kupaka rangi nyumba, picha zilale kitandani au juu ya kabati zimefunikwa, zisiegemezwe sakafuni.

Na paka? Wako wanaoniambia dawa ni kumfukuza. Mimi sikubaliani nao. Akiondoka paka, panya atakuja kuila jelatini ile ile, na kadibodi, na mahindi juu yake. Paka dume anayerusha mkojo hafanyi ukorofi. Anaweka mipaka ya himaya yake. Akihasiwa na daktari wa mifugo, mara nyingi tabia hiyo hupungua sana au hukoma. Mpe pia sanduku la mchanga au majivu pembeni, na ulisafishe kila siku, maana paka ni mnyama anayechukia choo kichafu. Na paka aliyezoea kukojoa nje akianza ghafla kukojoa ovyo ndani, huenda anaumwa kibofu. Huyo anahitaji matibabu, si fimbo.

Nakuombeni jambo moja kabla ya juma lijalo. Shusheni picha moja tu, ile ya zamani kuliko zote nyumbani, muitazame nyuma. Muinuse. Muiandike, kwa penseli laini na kwa mkono mwepesi, nyuma kwenye ukingo, jina la aliyemo na mahali ilipopigwa, kama bado yupo wa kuwaambieni. Kisha muipige nakala, nakala hiyo ikae nyumba nyingine kwa ndugu. Paka hawezi kukojolea nyumba mbili usiku mmoja.