Saa haijui kilo ulizobeba

Dada mmoja alimaliza seti yake ya mwisho ya kuchuchumaa na chuma begani, akakirudisha kwenye stendi, na kabla hata ya kufuta jasho akaitazama saa yake. "Kocha, kalori mia na themanini tu! Jana kwenye mashine ya kukimbilia nilipata mia nne. Haya mavyuma yananipotezea muda."

Kocha hakubishana naye. Alichukua daftari lililokunjika pembe, akafungua ukurasa wake. "Mwezi uliopita ulianza na chuma kitupu, kilo 20. Leo umebeba 35, mara nane, seti tatu. Saa imekuambia hilo?"

Nilikuwa pembeni nikisubiri zamu, katika jimu ndogo ya Kinondoni, na tangu siku hiyo naangalia mikono ya watu. Jumamosi alfajiri vikundi vya jogingi vinapopita daraja la Tanzanite, utaona taa za kijani zinamulika chini ya saa zao. Mwanga huo hupenya ngozi na kurudi. Damu inaposukumwa na moyo, kiasi cha mwanga kinachorudi hubadilika, na saa hupata mapigo. Hapo kifaa kinapima kweli. Kalori hakipimi. Kinakisia tu, kwa kutumia mapigo hayo pamoja na umri, uzito na urefu uliojaza siku ulipokinunua.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya kupima vifaa saba vya mkononi kwa watu 60 waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli, huku hewa wanayovuta na kutoa ikipimwa. Kwa mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilikosea chini ya asilimia 5. Kwa nishati iliyotumika, kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93. Na hayo ni mazoezi ya mwendo mmoja, ambayo saa huyaelewa kwa urahisi.

Kwenye vyuma mambo ni magumu zaidi. Ukisukuma uzito mkubwa, misuli iliyokaza hubana mishipa ya damu, unazuia pumzi, shinikizo linapanda na moyo unakwenda mbio, lakini oksijeni inayotumika hailingani na mapigo hayo. Saa inaweza kudhani unakimbia. Mara nyingine ni kinyume: umeshika chuma kwa nguvu, kifundo cha mkono kimepinda, mwanga umevurugika, na mapigo yanasomeka pungufu. Ukipumzika dakika mbili kati ya seti, nazo zinaingia kwenye hesabu.

Mkimbiaji anaweza kuiacha saa nyumbani. Kila kilo ya mwili kwa kila kilomita hugharimu takriban kilokalori moja (ile ambayo saa huiita kalori), hivyo mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita tano ametumia kama 350. Mtu huyo huyo akifanya vyuma saa nzima, makadirio ya wataalamu ni kati ya 245 na 420 kutegemea juhudi, na humo kuna 70 hivi ambazo angezitumia hata akiwa amekaa kwenye kochi. Soda moja ya mililita 350 ina karibu 150. Ongeza chapati iliyoshiba mafuta, na zoezi la asubuhi limeshalipwa lote. Ndiyo maana naumia nikisikia mtu akisema saa imemruhusu kula.

Kuna jambo lililogunduliwa hapa hapa kwetu. Mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kwa kuwanywesha maji maalumu yanayofuatilika kwenye mkojo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Wanaume wa Kihadzabe walitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku nzima haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Pontzer anaeleza kwamba mwili wenye pilikapilika nyingi hubana matumizi kwingine. Wanasayansi bado wanajadili kiasi gani, lakini kujumlisha kalori za jimu juu ya kalori za siku kama hela kwenye kibubu si sahihi.

Faida ya vyuma iko mahali ambapo saa haifiki. Mtu anayepunguza mwili kwa kula kidogo tu hupoteza mafuta pamoja na misuli. Vyuma huilinda ile misuli, huimarisha mifupa na husaidia mwili kutumia sukari iliyo kwenye damu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 au zaidi za mazoezi ya wastani kama kutembea kwa kasi.

Kama una saa, itumie kujua mapigo yako na umbali uliokwenda. Kalori zake usizifanye kibali cha kula wala sababu ya kuacha vyuma. Nunua daftari dogo, andika tarehe, zoezi, kilo na idadi ya marudio, na baada ya wiki sita lifungue ukurasa wa kwanza.