Kuvu za Mikoko: Dawa au Sumu?

Ndani ya majani na mizizi ya mikoko, miti iliyozunguka ghuba za Pemba, huishi kuvu zisizoonekana kwa macho. Baadhi ya kemikali zilizopatikana katika kuvu za mikoko duniani huua seli za saratani maabarani.

Lakini kuvu moja haitoi kemikali ileile kila mara. Chumvi, joto, mwanga na chakula huamua jeni zipi ziamke. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza kuvu iliyotengeneza paklitakseli, dawa ya saratani ya matiti. Hata hivyo, kuvu za aina hiyo zikioteshwa maabarani mara kwa mara, uzalishaji hufifia. Nayo kuvu ya Aspergillus flavus, ikipata unyevu na joto katika karanga au mahindi, hutoa aflatoksini, sumu inayosababisha saratani ya ini.

Kwa hiyo, kuchemsha kuvu nyumbani ni kubahatisha uhai. Mgonjwa wa Pemba aliyevuka bahari kutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, asikatize matibabu. Mhudumu naye amuulize kwa upole kuhusu mitishamba anayotumia: anayekaripiwa huficha, na kinachofichwa hakitibiki.