Hesabu ya mushahara isiguse feza kwa siri

Wandugu wa shimo, na ba mama wenye kungojea buletini kila mwisho wa mwezi, leo tunawaletea habari ya kompyuta. Musigeuze ukurasa, maana ndani yake kuna feza yetu.

Mwaka jana, sisi wa sendika tuliomba saa za ziada za ndugu mmoja zihesabiwe tena. Zikahesabiwa, lakini programu ikamukata avansi mara ya pili. Kosa lilitoka wapi? Hesabu na kuandika mu buku la deni vilifungwa pamoja. Ukigusa moja, unaamsha ingine.

Wafundi wa lugha za programu zinazoitwa za funksheni wanatenganisha vile viwili. Hesabu tupu, ukiipa saa zilezile, inatoa jibu lilelile, leo na kesho. Kila kinachogusa inje, kama kuandika ao kutuma feza, kinaitwa efekti. Hesabu haiifanye yenyewe, inaiomba.

Ni kama sisi kule chini. Ukikosa miti ya kushikilia paa, haupande kuvunja depo. Unapiga simu juu, unangojea palepale, mwenye zamu anaamua, kisha unaendelea pale uliachia. Mu programu, mwenye zamu anaweza kubadilishwa: siku ya malipo anaandika kweli, siku ya kujaribu anaonyesha namba tu.

Je, kusimama na kuendelea hakuchelewesha mashine? OCaml, lugha iliyozaliwa Ufaransa, ilijibu mu toleo 5.0 la Desemba 2022. Kila kazi ya namna hii inapewa nafasi yake ndogo ya kumbukumbu, yenye kukua ikihitajika. Ikisimama, inaachwa pale ilipo. Na kwa sababu inaruhusiwa kuendelea mara moja tu, hakuna haja ya kuinakili. Lakini OCaml haitangaze efekti katika aina ya funksheni. Koka, lugha ya Daan Leijen wa Microsoft Research, njo inatangaza: ukisema hesabu haigusi kitu, kisha uifiche kuandika ndani yake, programu inakataliwa mbele ya kutumika.

Basi, mwajiri akileta programu mpya ya mushahara, delege aulize mambo mawili. Je, hesabu inaweza kujaribiwa bila kugusa feza? Na ni sehemu gani imeruhusiwa kuandika? Majibu yaingie mu prosè-verbali, na yatiwe sahihi.

Nanyi nyumbani, muchunge buletini zote mbili, ile ya kwanza na ile ya kusahihishwa. Bila ile ya kwanza, hatuna kitu cha kuweka juu ya meza.