Ngome, Ushairi na Lahaja: Nyakati Tatu katika Historia ya Mombasa

Ni desturi ya wanahistoria kuigawa historia ya Mombasa kwa kufuata waliomiliki Ngome: Wareno, Waomani, Mazrui, Busaidi, na hatimaye Waingereza. Mgawanyo huo una manufaa yake. Hata hivyo, kwa mtaalamu wa lugha, yako matukio ambayo hayakuandikwa kwenye mawe peke yake, bali katika msamiati, katika tungo na katika hatima ya lahaja ya Kimvita. Makala haya yanaeleza nyakati tatu za namna hiyo.

Wakati wa kwanza ni wa Wareno. Baada ya kuushambulia mji mara kadhaa, mathalani mwaka 1505 na 1528, walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Waliishikilia mpaka Desemba 1698, ilipotekwa na Waomani baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya miaka miwili na nusu. Waliirudia kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Utawala wao ulitoweka, lakini maneno yao yakabaki: meza, bendera, mvinyo, leso. Lililo na historia ndefu zaidi pengine ni gereza, ambalo asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Pwani neno hilo lilikuja kuwa jina la ngome yenyewe. Magofu ya ngome ya Kilwa Kisiwani yangali yakiitwa Gereza. Kisha likawa mahali pa kufungia watu. Waingereza walipoifanya Ngome ya Mombasa kuwa jela, kuanzia 1895 hadi 1958, jengo na neno vikakutana tena.

Wakati wa pili ni nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, Mazrui walipopambana na Seyyid Said, mpaka mji ukaangukia mikononi mwake mwaka 1837. Katika mapambano hayo wenyeji wa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, hawakuwa watazamaji tu. Walikuwa na viongozi wao, miungano yao na hitilafu zao. Sauti mashuhuri ya zama hizo ni Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yalishughulikia vita, siasa, njaa na mapenzi kwa lugha ya mjini mwake. Yangalipotea lau Mwalimu Sikujua asingaliyakusanya na kuyaandika, na lau W. E. Taylor asingaliihifadhi kazi hiyo. Diwani ilichapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa W. Hichens, na mwaka 1979 M. H. Abdulaziz akatoa uchambuzi wake.

Wakati wa tatu haukuwa na mizinga wala majahazi. Mwaka 1928 wajumbe wa serikali za kikoloni na wamisionari walikutana Mombasa kujadili usanifishaji wa Kiswahili, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi. Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930. Ni kinaya kwamba uamuzi uliokiweka kando Kimvita ulifanyiwa nyumbani kwake, ilhali kamusi ya Krapf, iliyotolewa mwaka 1882, ilikuwa imekitegemea Kimvita kwa kiasi kikubwa.

Hapana shaka usanifishaji ulileta faida: vitabu vya shule, magazeti, na mawasiliano baina ya nchi. Lakini gharama yake yafaa itajwe. Msomaji aliyefunzwa Kiswahili Sanifu peke yake akikuta mato, ndia na teka, huenda asitambue kuwa ni macho, njia na cheka. La tatu ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa teka ya Kisanifu ina maana yake yenyewe. Katika shairi linalosimulia uadui wa miji miwili, anayecheka na anayeteka si mtu mmoja. Aidha, Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi, tofauti ambayo hati za kawaida za Kirumi haziionyeshi.

Kwa hivyo, wakati wa tatu umeuziba mlango wa kuuingilia wa pili. Ushahidi wa wenyeji juu ya mwaka 1837 upo, umehifadhiwa na umechapishwa. Kinachopungua ni wasomaji wenye uwezo wa kuusikia ipasavyo. Kimvita hakijafa: Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir, iliyotoka mwaka 1971, ni thibitisho. Lakini lahaja inayofundishwa kama pambo la ushairi haiwezi kutumika kuwa hati ya historia. Idara za Kiswahili zinapaswa kuifundisha fonolojia na msamiati wake kwa ukamilifu, na kuwarekodi wazee wanaoizungumza, kabla maelezo ya Mombasa hayajabaki katika kumbukumbu za waliokuja kuitawala peke yake.